Wimbo Uliomsimamisha Baba

Kaseti niliikuta ndani ya mfuko wa koti la jinzi. Mama alikuwa amenichagulia koti hilo kwenye soko la mitumba la Kwa Mrombo nilipokuwa kidato cha pili, na tulipofika nyumbani niliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, ule wa kifuani, nikatoa kaseti isiyo na kasha wala karatasi. Kulikuwa na mwandiko wa kalamu juu yake, lakini maji ya kufulia yalikuwa yameufuta. Nilidhani haitapiga. Ilipiga.

Nyimbo tatu za mwanzo zilikuwa zimeharibika, zinakoroma tu. Wa nne ulikuwa mzima. Unaanza na pigo moja, kama mtu anagonga pipa tupu kwa nyundo. Pigo linarudi, na linarudi tena, bila kuchoka na bila kubadilika, namna ambayo mkono wa binadamu hauwezi kupiga ngoma. Chini yake kuna mngurumo unaousikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Kisha linaingia gitaa, ingawa kwa miaka mingi sikujua kwamba ni gitaa. Niliamini ni msumeno wa kukatia chuma. Katikati ya hayo yote mwanamume mmoja ananong'ona. Ananong'ona karibu sana na wewe, kama mtu asiyetaka wenye nyumba wamsikie. Halafu, bila kukuandaa, anapiga ukelele, na ukelele wenyewe umesagwa na mitambo hadi hujui kama ni mtu au ni mkanda wa mashine uliokauka mafuta.

Nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana ya usharika wetu. Muziki niliokuwa naujua ulikuwa wa tenzi, kinanda na mapambio. Siku ile niliketi kitandani na koti bado nimelivaa, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya wimbo kwisha kilikuwa kwenda kufunga mlango.

Maneno yake yalinichukua wiki mbili. Nilikuwa narudisha kaseti nyuma, nasikiliza mstari mmoja, naandika kwenye daftari la Kiingereza, nafungua kamusi. Mwanamume huyo alikuwa anasema kwamba amegeuzwa kuwa kifaa. Kwamba kuna anayemtumia na hamtazami usoni. Kwamba amemwita Mungu na upande wa pili uko kimya. Kwamba anajichukia, na mwisho anaomba aumizwe, walau ajue kama bado yuko hai. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akikiri jambo la namna hiyo. Kwetu watu wazima walikiri dhambi kwa pamoja, kwa maneno yaliyochapwa kitabuni, na walikuwa wameshasamehewa kabla ya matangazo.

Nyumba yetu iko upande wa Usa River, unapanda kutoka barabara ya Moshi hadi unaanza kuuona mlima vizuri, migomba mbele na kahawa nyuma. Mama alisema wimbo ule ni sawa na mtu anayeburuta bati juu ya mawe, na akanitaka nipunguze sauti akiwa na wageni. Baba hakusema kitu. Angeweza kukaa chumba cha pili na redio imefunguliwa hadi mwisho, akawa anasoma Biblia yake na kutabasamu nilipopita. Baba alikuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa. Kiwanda kilichukua masikio yake.

Kilikuwa kiwanda cha misumari na nyaya, pale mjini kwenye eneo la viwanda, na kilifungwa zamani. Baba alikuwa fundi wa zamu. Alitoka huko na mambo mawili: uziwi na sifa. Uziwi tuliuzoea. Sifa ilitulea. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na watu wenye ugomvi wa mipaka ya mashamba walikuwa wanakuja kumwomba aseme neno moja tu, kwa sababu ilijulikana kwamba hasemi uongo.

Alikuwa pia na rafiki. Rafiki huyu alikuwa Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, walianza kazi mwezi mmoja, na nilipokuwa mdogo alikuwa anakuja kwetu Jumapili na kunibeba mabegani. Nilipokuwa darasa la tatu mashine ikamkata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Baada ya hapo hakuja tena. Sisi watoto tuliambiwa kwamba alikwenda kazini amelewa. Hiyo ikawa hadithi ya nyumba yetu. Kaka yangu alipoonja pombe mara ya kwanza, mama alimwuliza kama anataka kuishia na mkono mmoja kama fulani. Mimi mwenyewe nimewahi kumtolea mfano huo mwanangu.

Niliendelea kuusikiliza wimbo ule. Nilimaliza shule nikausikiliza, mama alifariki nikausikiliza. Kaseti ilikatika, lakini siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, na siku nilipoupata tena, safi, bila mikwaruzo, nilisimama katikati ya sebule yangu kule mjini na maziwa yakafurika jikoni. Niliamini ni wimbo wangu peke yangu. Mtu mweupe wa mbali alikuwa na hasira zake, nami nilikuwa nimeziazima.

Kazi yangu ni kupima masikio. Namweka mtu kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, namvisha vifaa vya masikioni, namwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Nimewapima madereva wa malori, wapasua mawe, mafundi wa kuchomelea vyuma. Baba alikataa kupimwa kwa miaka kumi. Mwaka huu akakubali, nami nikamtafutia mashine mbili ndogo za masikioni.

Wiki ya kwanza alikuwa kama mtu aliyehamia nchi nyingine. Aliniambia hakujua kwamba kuku wana kelele wanapotembea. Alikula polepole ili asikilize anavyotafuna. Nilifurahi sana, nikasahau kwamba nyumba ambayo kwa miaka yote niliweza kupiga chochote ndani yake sasa ilikuwa na mtu anayesikia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, yapata saa nne. Mimi nilikuwa nageuza kahawa kwenye kitanda cha kuanikia, baba alikuwa chini ya ukuta wa jiko anamkatia ng'ombe migomba. Spika yangu ndogo ilikuwa dirishani, inapiga nyimbo zangu kwa mpangilio wake yenyewe: kwaya, taarabu, bongo fleva ya zamani. Kisha pigo la pipa tupu likaanza. Sikugeuka hata. Nilikuwa nimelizoea kama pumzi yangu.

Nilisikia panga likianguka juu ya jiwe.

Nilipotazama, baba alikuwa amesimama. Hakuwa ananitazama mimi wala spika. Alikuwa ameugeukia ukuta wa jiko, karibu kabisa, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa ukutani kwenye usawa wa bega, huku na huku, unatafuta kitu. Ule ni ukuta wa matofali. Hakuna chochote pale. Nilimwita, hakujibu. Mwanamume wa kwenye wimbo akafika kwenye ukelele wake, na baba akaanza kuupiga ukuta kwa kiganja. Sio kwa hasira. Alipiga kama mtu anayebonyeza kitu kisichobonyezeka.

Nilikimbia nikazima. Ukimya ulipoingia alibaki pale pale, kiganja kimegandamana na ukuta, jasho linamtiririka. Nilidhani ni kiharusi. Nilimshika, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwambia anyanyue mikono yote miwili, atabasamu, aseme jina lake. Aliyafanya yote kwa utiifu kama mtoto. Kisha akaniuliza, "Nani alikuwa analia?"

Nikamwambia ni wimbo tu.

"Kuna mtu analia humo ndani," alisema. "Chini ya mashine. Rudisha."

Sikutaka. Alinitaka mara ya pili, kwa sauti aliyokuwa anaitumia kwenye vikao vya kanisa. Nikarudisha. Aliusikiliza mara tatu, ameinama, viwiko juu ya magoti. Mara ya tatu alinyanyua kidole pale pale ambapo ukelele unaanza kuzama chini ya mitambo, akawa anaufuata kwa kidole kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia kwenye nyasi. Kisha akataka kujua yule mtu anasema nini.

Sikuwa nimewahi kumtafsiria mtu yeyote maneno yale. Kwa Kiingereza yalikuwa yananilinda kidogo. Kwa Kiswahili, mbele ya baba yangu, kwenye uwanja wa nyumba yetu, yalisimama uchi. Nilisema kwamba anasema amegeuzwa kuwa kifaa. Nilisema anamwita Mungu na hajibiwi. Nilipofika pale anaposema kwamba wanamtumia na hawamtazami usoni, baba aliniinulia mkono ninyamaze.

Ndipo akanieleza. Alieleza taratibu, akitazama kahawa.

Kulikuwa na mashine ya kuvuta waya. Waya mnene unaingia kwenye tundu dogo, unatoka mwembamba, unajizungusha juu ya ngoma kubwa ya chuma. Mbele ya ngoma kulikuwa na mlango wa wavu, na mlango ulikuwa na swichi: ukifunguka, umeme unakatika na mashine inasimama. Mlango ule ulikuwa umelegea. Mtikisiko tu uliufungua, mashine ikasimama mara nyingi katika zamu moja, na wakubwa wakaja juu. Basi baba, ambaye ndiye fundi, alichukua kipande cha waya mwembamba akaifunga swichi ile mizunguko miwili, ikawa inaamini kwamba mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Siku ya tatu, kitanzi cha waya kikamnasa rafiki yake kiganja, kikamvuta kwenye ngoma. Mlango ulikuwa wazi. Mashine haikusimama.

Baba alikuwa amempa mgongo, hatua tatu kutoka pale, anachonga kifaa. Hakusikia. Kelele za chumba kile zilikuwa kubwa mno. Aligeuka kwa bahati tu, akaona mdomo wa mwenzake umefunguka wote na hakuna sauti inayotoka. Kitufe cha kuzimia mashine kilikuwa ukutani, kwenye usawa wa bega.

"Sauti yake sikuisikia siku ile," baba alisema. "Nimeisikia leo."

Mpaka hapo nilikuwa namhurumia. Nilikuwa nimemshika mkono, natafuta maneno ya kumwambia kwamba ilikuwa ajali, kwamba kila kiwanda kilikuwa hivyo. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanigonga kichwani, nami nikauliza kuhusu pombe.

Aliliokota panga, akaliegemeza ukutani. Ng'ombe alikuwa analia njaa. Hatimaye akasema wakaguzi walikuja, wakaikuta swichi nzima, haina waya. Wakamwuliza fundi. Fundi akasema mlango ulikuwa sawa na swichi ilikuwa sawa.

"Na pombe?" nilirudia. "Nani alisema alikuwa amelewa?"

"Mimi."

Nilimwuliza kama alisaini. Akasema alisaini. Rafiki yake akaondoka kazini kama mzembe, bila stahiki zake, na baba akaendelea na zamu zake kwa miaka mingine kumi na tano. Nilitazama uso wake. Ulikuwa ni ule ule, uso ambao watu walikuwa wanapanda mlima kuja kuuomba ushahidi. Niliuachia mkono wake. Sikuamua kuuachia, niliona tu kwamba nimeuachia. Kisha nikaenda nikachukua vipande vya migomba nikampa ng'ombe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nilirudi mjini bila kuaga vizuri. Wiki nzima nilifanya kazi vibaya. Nilimvisha mgonjwa mmoja vifaa upande usio wake, kulia kushoto. Kila nilipofumba macho nilimwona mama akimkaripia kaka yangu kwa habari ya mkono mmoja, na nilijiuliza kama alijua ukweli. Sitajua kamwe. Ijumaa baba akapiga simu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maana hakuwa anasikia simu, akasema anataka kwenda kwa rafiki yake na hajui anakaa wapi.

Haikuwa vigumu kumpata. Mwenzangu wa kazini ni wa Sombetini, aliuliza siku hiyo hiyo, akampata mtaani kwao. Mzee wa mkono mmoja, anauza mkaa kwa debe, anaishi na binti yake aliye fundi cherehani. Jumamosi tulichukua bajaji kutoka stendi. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Nilimwambia avue tai. Akavua, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Nyumba ilikuwa ya tofali za saruji, chumba cha tatu bado hakijaezekwa. Binti alikuwa barazani kwenye cherehani yake, mama mtu mzima, umri wangu hivi. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya magunia ya mkaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniita yeyo, kwa heshima, kama wanavyowaita wanawake kwao. Kisha akamtazama baba, na hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alisogea kwenye benchi akamwachia nafasi. Baba hakukaa.

Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Swichi, waya, wakaguzi, pombe, sahihi. Alisema bila kujitetea, na nakiri kwamba nilianza kupata nafuu. Nilifikiri, sawa, ametenda ubaya lakini angalau amekuja kuusema wote. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema habari ya swichi kila mtu kiwandani aliijua, hata yeye aliwahi kuifunga alipokuwa zamu ya jioni.

"Sasa niambie lile lingine," alisema.

Nilidhani hakusikia vizuri. Baba alitazama chini.

"Nilikuwa sakafuni," mzee alisema. "Nilikuwa nakuona. Ulizima mashine. Halafu ulikwenda wapi?"

Baba aliizungusha kofia mkononi. Mzee alimngoja. Hakuwa na haraka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kwenye swichi," baba alisema.

"Ulikwenda kwenye swichi. Ukafungua waya wako. Mizunguko miwili. Ukautia mfukoni. Ndipo ukaja kwangu."

"Ndiyo."

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Yale ya juma lililopita yalikuwa yamenipasua, lakini yalikuwa maneno: sahihi, ripoti, uongo ofisini. Hili lilikuwa mwili. Nilimwona baba yangu akiwa kijana, mikono yangu hii hii niliyoirithi kwake, ikifungua waya kwa umakini wakati mtu anavuja damu sakafuni na anamtazama. Nilijikuta nimekaa chini kwenye vumbi la mkaa na sikumbuki kukaa. Binti wa mzee alikuwa amesimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alikufa akiamini mumewe alikuwa amelewa siku ile. Kwamba walikuwa wanagombana kwa jambo hilo miaka yote, mama akisema kama si pombe zake wangekuwa mahali pengine. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mzee akauliza kwa nini leo. Miaka yote hiyo wote wawili walikuwa mji mmoja. Baba akamwambia ni kwa sababu ya wimbo, na jibu hilo lilisikika la kipumbavu sana, nikaona aibu. Lakini mzee akataka kuusikia. Nilitoa simu nikaupiga pale barazani mchana kweupe, na watoto wa jirani wakaja kusimama kwenye kona ya nyumba.

Aliusikiliza wote, mkono wake mmoja juu ya goti, anapigapiga kidole kufuata pigo la pipa. Alikuwa anasikia kwa shida, aliniambia nimsogezee. Ukelele ulipofika hakushtuka. Wimbo ulipokwisha alinirudishia simu, akauliza kama huyo mtu ni mzima hadi leo. Nikamwambia ni mzima, ni mtu mashuhuri, ana pesa.

"Ana bahati," alisema mzee. "Alipolia, walimwekea kipaza sauti."

Hakusema amemsamehe. Nilikuwa nangoja aseme, naona aibu kukiri hivyo, nilikuwa nangoja kama mtu anayengoja baraka mwisho wa ibada. Alichosema ni kwamba anataka maneno yale yasemwe mahali pale pale ambapo baba anaheshimiwa, wala si hapa kwenye mkaa ambapo hakuna anayesikia. Na kwamba akishayasema, anaweza kuja Jumamosi akipenda.

Baba alimwendea mchungaji wiki hiyo hiyo. Mchungaji, ambaye ni kijana na mtu mwema, alimshauri atubu faraghani, kwa amani ya usharika. Baba alikataa. Jumapili iliyofuata baada ya matangazo alisimama mbele, akayasema, pamoja na lile la swichi, kisha akaomba aondolewe kwenye baraza la wazee. Nilikuwa kwenye viti vya nyuma. Hakuna aliyenong'ona. Nimeimba ndani ya jengo lile tangu utoto na sikuwahi kulisikia likiwa kimya namna ile, mpaka nikawa nasikia mashine zake za masikioni zikipiga mbinja kidogo, kama zinavyofanya zikilegea. Mama mdogo alinikamata nje akanilaumu kwamba nimemzeesha baba yangu kwa siku moja, kwa vitu vyangu vya kizungu.

Hakuna anayekuja tena nyumbani kuuliza habari za mipaka. Baba anaenda Sombetini Jumamosi nyingi, mimi nampeleka. Mara ya pili mzee hakutoka ndani, tukarudi. Mara ya tatu alitoka. Sasa wanakaa kwenye benchi wanabishana kuhusu unene wa nyaya za zamani na nani alikuwa fundi mbaya kuliko wote, na kuna nyakati nawasikia wakicheka, na kicheko hicho kinanishtua kuliko ukelele wowote, kwa sababu sielewi kinatoka wapi. Wimbo ule sijaupiga tena. Nimejaribu mara moja, ndani ya daladala, nikaishia kwenye pigo la tatu.

Juzi nilikuwa barazani na binti wa mzee, ametandaza maharage kwenye ungo, namsaidia kuyachambua. Tumezoeana kidogo. Aliwatazama wazee wale wawili kwenye benchi, akatoa jiwe kwenye maharage akalitupa uani.

"Mimi baba yako sijamsamehe," alisema.

Nikamwambia hata mimi. Akasogeza ungo katikati yetu, ili nami niufikie vizuri.